Nafasi Tupu kwenye Diski ya Pili

Mama yule aliingia dukani wakati Digrii anafuta diski kwa kitambaa cha miwani, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mistari iliyonyooka, maana ukifuta kwa kuzungusha unaongeza mikwaruzo. Mgeni alikuwa na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, birika, na kiti cha mbao. Hakusalimia. Alitua godoro, akaweka kiti katikati ya mlango, akakaa, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga.

“Nani kati yenu ni fundi?” aliuliza.

Mjomba, mwenye duka, alikuwa ameuma bisibisi na kichwa chake kilikuwa ndani ya mashine ya gemu iliyofunguliwa. Aliitoa bisibisi mdomoni.

“Birika hatutengenezi, mama. Jaribu mtaa wa nyuma.”

“Birika langu zima. Ninyi ndio mmenihamisha.”

“Kutoka nyumba gani?”

“Ile pale.” Alionyesha kwa kidevu juu ya kichwa chake, kwenye pazia la mlangoni.

Pazia lenyewe lilikuwa la diski. Mjomba alikuwa na tabia hiyo: diski ikishahamishiwa kwenye kompyuta, aliitoboa tundu kwa msumari wa moto, akaitunga kwenye uzi pamoja na nyingine, akaining'iniza mlangoni ing'ae wateja waione kwa mbali. Aliitazama ile iliyoonyeshwa, akamtazama mgeni, kisha akarudisha kichwa ndani ya mashine.

“Basi sogeza kiti, watu wapite.”

Mgeni alisogeza kiti. Siku hiyohiyo alipata jina la Mama Birika, na hakuna aliyemuuliza jingine.

Digrii naye hakuwa akiitwa kwa jina la kwenye cheti. Alikuwa binti wa dada yake Mjomba, amesomea mambo ya kompyuta, na tangu alipohitimu alikuwa ametuma maombi ya kazi kwenye kila ofisi yenye mlango. Huku akisubiri majibu, alifanya kazi dukani. Aliamini kwamba mtu akielezwa jambo vizuri, polepole, bila kugombezwa, ataelewa. Imani hiyo ilimchosha sana mjomba wake.

Duka lilikuwa la magemu ya zamani, yale ya diski. Mashine zake zilikuwa zinakufa moja moja. Lenzi zilififia na mpya hazikuwa zikitengenezwa popote, kwa hiyo Mjomba alikuwa anatoa lenzi ya mashine iliyokufa jana na kuipandikiza kwenye inayokufa leo. Digrii alimwambia kuna njia nyingine. Unaiingiza diski kwenye kompyuta, inanakiliwa yote kama ilivyo, unaibana nakala iwe faili dogo, kisha kuna programu inayojifanya mashine ya zamani, inalisoma faili hilo na gemu linachezeka. Programu haijui kama imedanganywa, na mchezaji hajali.

Mjomba hakujali pia, mpaka alipokuja Mwenye Ukumbi.

Huyu alikuwa anajenga ukumbi mkubwa wa magemu nyuma ya soko. Alikuwa ameagiza mashine mpya kwa mkupuo, zote za aina moja, na kila moja inakula memori kadi ya ukubwa mmoja tu. Alitaka magemu yote ya Mjomba yaingie kwenye kadi hiyo, yote bila kubaki hata moja, kwa sababu alikwisha kuchapisha tangazo lenye majina yake. Zaidi ya yote alitaka gemu la Msafiri. Hili lilikuwa la diski mbili. Unamwongoza msafiri kumtafuta ndugu yake aliyepotea, na katikati ya njia gemu linasimama na kukuomba uingize diski ya pili. Mwenye Ukumbi alilicheza alipokuwa mdogo. Diski yao ya pili nyumbani ilikuwa imekwaruzwa, na mpaka leo hakujua kama yule ndugu alipatikana.

“Ukiifanya kazi hii vizuri, binti,” alimwambia Digrii, “wewe ndiye msimamizi wa mitambo ukumbini. Utakuwa na kitambulisho cha kuvaa shingoni, na kiti cha ofisini chenye magurudumu.”

Digrii alitabasamu wiki nzima. Alimwambia mama yake. Mama yake aliuliza kama hicho kiti kina mahali pa kuegemea.

Magemu yalibanwa, hayakuenea. Aliyabana upya, yakabaki yamefura. Ndipo alipokiona, chini kabisa kwenye programu ya kubania, kisanduku kidogo chenye maneno: Ondoa nafasi tupu. Alikitia alama, na mafaili yakapungua kama nguo iliyokamuliwa.

Alijua maana yake. Diski inapozunguka, ukingo wake hupita mbele ya lenzi kwa kasi kuliko sehemu ya ndani. Kwa hiyo waliotengeneza magemu yale walilisukuma gemu lenyewe ukingoni, lisomeke haraka, na ile sehemu ya ndani wakaijaza herufi ovyo ovyo, zisizo na maana yoyote, ilimradi pajae. Mchezaji hafiki huko. Lenzi haina shughuli huko. Kwenye maelezo ya programu paliitwa nafasi tupu.

“Huko ndani ndiko tulikokuwa tunakaa,” alisema Mama Birika alipokwisha kunywa maji.

“Mlikuwa mnaishi vipi?” aliuliza Digrii.

“Kama watu. Kulikuwa na kimya, na kizunguzungu kidogo mkianza kucheza. Tulizoea.” Alitazama sakafu ya duka kwa mashaka. “Hapa kwenu pametulia mno. Kichefuchefu kinanishika.”

Digrii alimwashia feni. Mama Birika alisogeza kiti mbele yake, akayakodolea mapanga yakizunguka, na rangi ikarudi usoni.

Kesho yake walikuja wengine. Alikuja bwana mmoja kutoka gemu la mieleka, amebeba mlango. Alisema mlango aliutengeneza mwenyewe na hakuona sababu ya kuuacha. Walikuja maharusi kutoka gemu la magari, wakiwa bado hawajafungua zawadi. Walikuja kina dada watatu waliokuwa wakikaa nyuma ya gemu la ndege na ambao hawakuelewana hata kidogo. Wote walikuwa wastaarabu na safi. Wote walitembea kwa kupinda, kama wanaofuata duara lisiloonekana, kwa hiyo walikuwa wakigonga kona za meza. Na wote waliketi kwenye benchi la wateja.

“Digrii,” alisema Mjomba, “hawa wataondoka lini?”

“Hawana pa kwenda, mjomba.”

“Mimi nimeuliza lini, wewe unanijibu wapi.”

“Tumewatoa kwao.”

“Mimi nimemtoa nani? Mimi nilikuwa nabadilisha lenzi!” Alimgeukia bwana wa mlango. “Na wewe, huo mlango umeziba soketi. Utauweka wapi?”

“Penye nyumba,” alijibu yule bwana kwa upole.

Mjomba alikuna kichwa kwa bisibisi. Kisha akamwambia aushikilie wima, usichukue nafasi.

Wateja wa kweli walikuja, wakakuta benchi limejaa, wakadhani kuna foleni, wakaondoka. Waliobaki walicheza wamesimama. Kina dada watatu waliwasahihisha namna ya kushika padi ingawa wao wenyewe hawakuwahi kucheza. Maharusi waliuliza kila saa kama kuna sehemu yenye faragha. Mjomba aliwaelekeza stoo, halafu akakumbuka ndimo vinamokaa vipuri vyake, akawafuata mbio.

Digrii alijaribu kulirekebisha jambo hilo. Alitaka kuzinakili diski upya, safari hii bila kutia alama kwenye kisanduku, kila mtu arudi kwake. Alizifungua nyuzi za pazia moja baada ya nyingine. Lakini msumari wa moto ulikuwa umepita kando tu ya tundu la katikati, kwenye sehemu ya ndani. Kompyuta ilizungusha diski zilizotobolewa, ikakohoa, ikazitema, zikarudishwa mlangoni.

“Si ulisema umeshazihamisha?” Mjomba alifoka. “Uliniambia imekwisha, mjomba, iko salama kwenye kompyuta. Nikatoboa. Sasa kosa langu?”

“Si kosa lako, mjomba.”

“Usiniambie si kosa langu kwa sauti hiyo.”

Ilibaki diski moja haijahamishwa, ile ya pili ya gemu la Msafiri. Ilikuwa ya zamani kuliko zote, na rangi yake ya fedha ilikuwa imeanza kubanduka kwa nyuma kama ngozi iliyoungua na jua. Digrii alikuwa ameiacha ya mwisho kwa kuogopa kwamba itasomeka mara moja tu.

Mama Birika alimwona anaitoa kwenye bahasha yake. Aliinuka kutoka mbele ya feni, akaja kwa ule mwendo wake wa kupinda, akasimama kando ya kompyuta.

“Mimi nilikuwa diski ya kwanza,” alisema. “Mama yangu yuko hiyo ya pili.”

Digrii aliiweka diski chini taratibu.

“Ni mtu mzima sana,” aliendelea Mama Birika. “Mimi naweza kubeba godoro. Yeye hata birika hawezi. Alipohamia huko alisema, hapa ndipo pangu pa mwisho, msinisumbue tena. Akitikiswa kidogo tu anamwaga chai, na akimwaga chai siku nzima imeharibika, atakuwa anaisema mpaka jioni. Mwanangu, sikuombi uturudishe sisi. Sisi tumeshatoka. Naomba yeye asitolewe. Na asitikiswe.”

“Sawa, mama.”

“Sawa ya kunituliza, au sawa ya kweli?”

“Ya kweli. Nakuahidi. Hatatolewa, na hatatikiswa.”

“Na utakaa naye wewe mwenyewe. Yule mjomba wako simwamini. Akiona memori anataka kuisafisha.”

“Nimesikia!” alisema Mjomba kutoka ndani ya mashine.

Mchana mama yake Digrii alileta chakula. Alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyuma ya soko, karibu na bomba la maji, chini ya turubai, na alikuwa hapo tangu kabla Digrii hajazaliwa. Alitua vyombo, akapangusa mikono, akamkabili kaka yake.

“Wamekuja kupiga rangi nguzo zangu.”

“Rangi gani?”

“Nyekundu. Alama ya kukata. Nikawauliza, kwani vipi? Wakanionyesha ramani ya huyo bwana wako wa ukumbi. Soko lipo. Bomba lipo. Choo kipo, kimechorwa na mlango wake. Mimi hapo nilipo ni karatasi nyeupe.”

“Labda ni mchoro wa haraka haraka, dada.”

“Choo wamekichora na mlango wake, kaka.”

Mjomba alisema chakula kitapoa. Fundi Cherehani alipakua, na alipoona benchi alipakua zaidi. Mama Birika alipokea sahani kwa mikono miwili.

“Ninyi mliambiwa lini?” Fundi Cherehani alimuuliza.

“Hatukuambiwa. Tuliona ukuta unakuja.”

“Sisi angalau rangi.”

“Rangi ni heshima,” alisema Mama Birika, na alikuwa anamaanisha.

Walikula pamoja. Baadaye Fundi Cherehani alitoa futi ya kupimia mfukoni akaanza kumchukua Mama Birika vipimo vya gauni, maana lile alilovaa lilikuwa limechanika kwapani wakati wa kuhama.

Alikuwa bado anapima mabega wakati Mwenye Ukumbi alipoingia. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. Aliinamisha kichwa kuzipita diski za mlangoni, akalipita godoro, akaupita mlango uliokuwa umeshikiliwa na bwana wake.

“Hawa ni wateja?” aliuliza.

“Hapana,” alisema Mjomba. “Hawa walikuwa kwenye nafasi tupu.”

“Aa,” alisema Mwenye Ukumbi, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha mji mwingine. “Kadi yangu iko tayari?”

“Karibu,” alisema Digrii. “Imebaki diski moja. Lakini haitaenea, labda tutoe gemu jingine lolote.”

“Sitoi kitu. Tangazo limechapishwa. Mjomba wako aliniambia kuna kisanduku unakitia alama, nafasi tupu inaondoka.”

Digrii alivuta pumzi. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi, na aliamini kwamba hapa sasa mambo yatanyooka.

“Naomba nikueleze kidogo tu. Nafasi iliyo tupu kweli haina haja ya kuondolewa. Ikiwa ni sifuri tupu zimefuatana, kompyuta haiziandiki zote, inaandika tu kwamba hapa kuna sifuri nyingi, basi. Inabanika yenyewe mpaka inakaribia kuisha. Hii yetu imekataa kubanika. Nimeijaribu kila namna. Ikikataa maana yake ina kitu ndani. Kila herufi ni tofauti na jirani yake. Ile ni nafasi ya watu, si nafasi tupu. Njia pekee ya kuipunguza ni kusema hawapo.”

Mwenye Ukumbi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na malezi mazuri.

“Binti,” alisema, “kitupu ni kitupu. Mimi ninajenga, ninajua. Kile kiwanja changu niliambiwa ni kitupu. Nikachukua ramani nikaangalia, nikakuta kitupu.”

“Kiwanja chenyewe ulikiangalia?” aliuliza Fundi Cherehani, futi mkononi.

“Niangalie nini kwenye kiwanja kitupu, mama?”

“Mimi nipo hapo. Karibu na bomba.”

“Bomba nalikumbuka,” alisema Mwenye Ukumbi kwa ukarimu. “Bomba lipo kwenye ramani.”

Fundi Cherehani aliirudisha futi kwenye mabega ya Mama Birika. Alikosea kipimo, akaanza upya.

“Kesho,” Mwenye Ukumbi alimwambia Digrii. “Nataka nijue yule ndugu alipatikana au la. Na kile kiti cha magurudumu kimeshafika, kipo ofisini, kimefungwa nailoni.” Akainama tena kupita pazia, na diski zikagongana nyuma yake.

Mjomba aliweka bisibisi mezani.

“Digrii, mwanangu. Tia alama. Bibi mmoja tu.”

“Nimeahidi, mjomba.”

“Kwani ahadi ina faili? Inachukua nafasi?”

“Hii inachukua.”

“Miaka mingapi unahangaika na barua za kazi? Leo kazi imekuja yenyewe, imekaa, imesubiri, wewe unamtetea mtu ambaye hata hujamwona sura! Nitatia mimi.” Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akashika kipanya. Mshale ulitembea mpaka kwenye kisanduku, ukasimama. Benchi zima lilikuwa linamtazama. Bwana wa mlango aliusogeza mlango wake kidogo ukutani, kama anayemwandalia nafasi mtu mwingine.

Mjomba alitazama mshale muda mrefu. Akaachia kipanya.

“Mkono umekufa ganzi,” alisema kwa hasira. “Fanya mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma.” Akatoka nje, akasimama juani akiwa hana la kufanya.

Digrii aliifuta diski, kutoka katikati kwenda ukingoni. Aliiingiza. Kompyuta iliisoma polepole, ikirudia rudia pale ilipokwama, na kwa kila mzunguko rangi ya fedha ilizidi kubanduka. Mama Birika alisimama kando, ameshika birika lake kwa mikono yote miwili. Ilipofika mwisho, diski ilitoka imekuwa kioo kitupu. Mtu angeweza kusoma gazeti kupitia humo. Lakini faili lilikuwa zima, ukingo na ndani, herufi zote ovyo ovyo zikiwa mahali pake.

Halikuenea kwenye kadi. Kesho yake Mwenye Ukumbi aliichukua kadi bila diski ya pili, akaigeuza geuza kiganjani.

“Nitatafuta mtu anayejua kubana,” alisema. Hakuwa amekasirika. Alisikitika, kama mtu aliyeletewa nguo fupi.

Kiti cha magurudumu alipewa mpwa wake.

Kompyuta ya duka nayo ilihitajika kwa kazi nyingine, na Mjomba alianza kuizunguka akiuliza hili faili kubwa ni la nini, ingawa alijua. Kwa hiyo Digrii alilihamishia kwenye simu yake. Simu ilikataa, ikasema imejaa. Alifuta nyimbo. Ikakataa. Alifuta video za masomo, akafuta nakala za barua zote za maombi, akafuta picha ya cheti. Mwisho zilibaki picha za mahafali, yeye na joho, mama yake kando amevaa gauni alilojishonea usiku kucha. Alizitazama moja moja. Kisha akazifuta, na faili likaingia kama mtu mnene anayeingia kitandani, likaijaza simu pembe zote.

Alizima mlio. Alizima na mtetemo.

Alimkabidhi simu Mama Birika, naye akaiweka sikioni, akasikiliza.

“Anauliza nani amezima feni,” alisema Mama Birika, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

Ukumbi ulifunguliwa. Turubai la Fundi Cherehani lilishushwa asubuhi na watu waliokuwa na adabu, wakamkunjia vizuri, wakamkabidhi na nguzo zake zenye rangi nyekundu. Cherehani ilihamia dukani, kati ya maharusi na kina dada watatu. Bwana wa mlango hatimaye alipata kazi: mlango wake uliwekwa juu ya ndoo mbili ukawa meza ya kukatia vitambaa. Mjomba alisema duka limekuwa stendi. Aliongeza feni ya pili, akaapa kwamba ni kwa sababu ya joto.

Ukumbini watu walicheza gemu la Msafiri mpaka katikati ya njia, linaposimama na kuomba diski ya pili, wakakaa hapo wakibonyeza padi. Mwenye Ukumbi alikuwa akija jioni kusimama nyuma yao, akatazama ule ujumbe, akaondoka. Kwenye ramani iliyotundikwa mlangoni mwake, nyuma ya soko palikuwa peupe bado, ila bomba na choo tu.

Digrii aliandika upya barua zake zote. Ofisi moja ilimjibu. Ilipiga simu mara nyingi kabla hajaiona ikiwaka, maana haikulia wala kutetemeka.

“Tunakutafuta tangu asubuhi,” ilisema sauti. “Usaili ni leo. Tunafunga geti adhuhuri. Njoo na cheti, na simu uwe nayo mkononi, mlinzi ataita watu kwa simu.”

Alibadilisha blauzi stoo, akachukua cheti ndani ya bahasha. Mjomba alikuwa ameshasimamisha pikipiki nje na kumwambia dereva wapi.

“Panda, mwanangu. Utafika kabla hujakaa sawa.”

Digrii alitazama barabara. Ilikuwa ya mashimo tangu mlangoni mpaka kona, na baada ya kona ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye simu, kwa mbali, ilisikika sauti ya maji yakimiminwa kwenye kikombe.

“Anakunywa chai,” alisema.

“Nani?”

“Bi Mkubwa.”

Mjomba alimtazama dereva, akatazama mbingu, akatazama pazia la diski. “Mwache hapa basi! Simu mpe mama yako!”

“Cherehani inatikisa meza. Na huko nitaitwa kwa simu.”

“Mpe mimi!”

Benchi zima lilimtazama Mjomba.

“Haya,” alisema. “Haya! Nenda kwa miguu. Nenda ukatembee. Mimi nimechoka na ninyi wote.” Alimlipa dereva ambaye hakwenda popote, akaingia ndani.

Digrii aliilaza simu kwenye kiganja, kioo juu, akaishikilia kwa mkono wa pili kwa chini, bahasha ya cheti ikiwa kwapani. Alitembea katikati ya barabara ambako ni sawasawa, akasogea pembeni magari yalipopita, akavuka mifereji kwa kushuka na kupanda badala ya kuruka. Watu waliokuwa nyuma yake walimpita. Kivuli chake kilifupika mpaka kikawa chini ya viatu.

Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa anakula ndizi kwenye kivuli cha geti.

“Umechelewa, dada. Nimepiga simu mpaka nikachoka.”

“Najua. Nimeiona ikiwaka.”

“Sasa kwa nini hukukimbia?”

Digrii aliinua kiganja kidogo, kwa uangalifu, amwonyeshe. “Kuna mtu anakunywa chai.”

Mlinzi alisogeza sikio. Alisikiliza, akaacha kutafuna. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa kibali kinachofaa, ingawa kisichofungua geti hili.

“Nenda naye pole pole,” alisema. “Hapo kwenye kona kuna shimo.”

Digrii alishukuru, akageuka, akaanza kurudi akilikwepa shimo. Alipofika mbele ya ukumbi alisikia kikombe kikirudishwa kwenye kisahani, taratibu, bila tone kumwagika.